Kiswahili cha Sebuleni

Jabe, Bujumbura
9 Novemba 1997

Mwanangu Dalia,

Assalam alaykum warahmatullah. Huku tu wazima, tunamshukuru Mungu na jicho liko mlangoni. Baba yako Moosa sukari inampanda na kumshuka inavyotaka yenyewe. Duka analifunga kabla ya alasiri, maana baada ya hapo hapiti mnunuzi, linapita vumbi tu. Mimi shangazi yako ni magoti, mengine yote yananitii. Wanawake wangu wa darasa bado wanakuja sebuleni kusoma, ingawa nusu yao mkeka wao umebaki mtupu na sipendi kuuliza wako wapi.

Unajua Jabe siku hizi kinauzwa nini? Milango. Madirisha na vioo vyake, mabati yenye matundu ya misumari, hata mabakuli ya choo, hashakum. Vyote vimeng'olewa kwenye nyumba za watu waliokimbia au waliouawa. Mtu anatoka kwake kwenda kununua nyanya, anarudi na mlango wa jirani yake. Asiya wa nyumba ya pili, yule uliyekuwa ukimpelekea sambusa za futari, amejiwekea mlango wa kijani. Kwenye ubao bado ipo mistari ya kalamu, ile mama anayochora kupima watoto wamerefuka kiasi gani. Nilipomuuliza hakuona haya hata kidogo: "Mama Moza, apana kasirika. Mi sikuiba, mi nimenunua." Sijanywa maji kwake tangu siku hiyo. Nikipita pale natema mate.

Yule Mwavita niliyewahi kukutajia bado ninaye. Wewe hujamwona, alikuja ulipokwisha kuondoka. Alikuwa akikaa Buterere, pembezoni mwa mji wetu, na mumewe Yahaya, fundi baiskeli. Yahaya alisimamishwa na vijana kwenye kizuizi cha magogo. Hawakumuuliza karatasi. Walimwambia: "Sema." Basi, sema tu. Mmoja wao akainamisha kichwa amsikilize, kama daktari anayesikiliza kifua, kisha akawaambia wenzake, "Uyu si wetu." Mwavita alikuwa nyuma yake, ameshika kikapu. Yaliyofuata sitayaandika.

Alipofika kwangu alikuwa anasema ile lugha ya barabarani tu. Nimemfunza kama nilivyokufunza wewe. Kiswahili cha sokoni kinabaki sokoni. Sebuleni kwangu, na mbele ya hakimu, daktari na mtu yeyote mwenye kalamu, mtu anasema sawasawa. Akikosea namfunikia kikombe chake cha chai mpaka aseme upya. Wewe ulilia sana juu ya vikombe hivyo. Yeye hajalia, ameshika haraka kuliko wewe, usikasirike.

Lipo jambo lake jingine, lakini siliandiki. Yule kijana wa kuinamisha kichwa sasa analinda ghala moja kule Zone Industrielle kwenye viwanda, na mara mbili amepita mbele ya nyumba yangu akipiga mluzi.

Hebu nieleze hiyo shule yako. Baba yako anawaambia watu unasomea shahada mbili kwa pamoja, wanamwuliza za nini, anasema "za lugha", wanamtazama kama amelewa.

Shangazi yako,
Moza


Brussels
20 Desemba 1997

Shangazi mpendwa,

Waalaykum salaam, na nakubusu mkono. Barua yako imenikuta na mafua. Hapa jua ni la kubahatisha, na nyama nzuri ya halali naifuata kwa tramu mbili. Mwambie Baba apunguze zile halua, najua anazificha chini ya kaunta.

Habari ya mlango wa Asiya imenikosesha hamu ya kula. Huku nako kuna karaha yake. Nikialikwa chakula mahali, kabla sijameza tonge mtu ataniuliza mimi ni kabila gani kati ya yale mawili, huku akinitazama pua. Nawaambia mimi ni wa Jabe. Wanacheka, wanafikiri ninakwepa.

Shule yangu iko hivi. Shahada ya kwanza na ya pili zimefungwa pamoja, miaka mitano mfululizo, na karatasi zote mbili unapewa siku ya mwisho. Hakuna kituo cha kushukia katikati. Anayeacha mwaka wa nne, au anayeachishwa, anatoka mikono mitupu kama hajawahi kuingia. Mimi niko huo mwaka wa nne. Tunachunguza jinsi watu wanavyosema: sauti, maneno, nani anamwambia nani nini na kwa namna gani. Na tasnifu yangu, Shangazi, kaa vizuri usianguke, inahusu Kiswahili cha Jabe. Ndiyo, kile ulichonifunikia vikombe. Profesa wangu anakiita hazina.

Mwaka huu kila mwanafunzi lazima afanye staji, yaani kazi ya mazoezi, la sivyo mwaka hauhesabiki. Mimi nimewekwa katika ofisi moja ndogo ya watu binafsi. Nasikiliza kaseti za watu wanaosema Kiswahili, naandika ninavyoona wametoka wapi. Kaseti hazina majina. Ni kazi safi ya kukaa kwenye kiti. Profesa anasema sikio langu halijapata kutokea hapa chuoni.

Msalimie Mwavita, ingawa hatujuani. Mwambie ulinifunikia zaidi kuliko yeye kwa sababu ulinipenda zaidi.

Wako,
Dalia


Jabe, Bujumbura
18 Januari 1998

Mwanangu,

Amani iwe juu yako huko kwenye mafua yako. Baba yako nimemnyang'anya halua, amenuna. Mwezi umeanza vibaya, tumelala chini ya vitanda kwa risasi, lakini Jabe tuko.

Barua hii nampa Anouar, mtoto wa jirani yetu Houda, anayesafiri kutafuta bidhaa. Atapita Kigali, kisha Nairobi, huko ndiko ataitia posta. Kwa vikwazo hivi tulivyowekewa na majirani hata bahasha inapanda lori. Sijui itakufikia lini.

Sasa nakuambia nilichoficha. Mwavita ameondoka. Yule mlinzi wa ghala alikuja mpaka barazani, akaomba maji ya kunywa, akanywa, akasema, "Uyu dada namujua." Akatabasamu. Kikombe kile nimekitupa chooni, hashakum, nisingeweza kukiosha. Tumeuza cherehani na bangili zangu, na sasa yuko njiani kwenda hukohuko uliko. Atajieleza kwa wakubwa wa huko, nao wataamua kama anakaa ama anarudishwa. Akirudishwa hapa, Dalia, hamalizi wiki.

Lakini sina wasiwasi sana. Nimemwandaa. Nimemwambia: Wazungu wale ni watu wenye kalamu, usiwape mi na we na mutu. Waonyeshe ulikolelewa. Siku ya kuagana nilimkalisha sebuleni anieleze habari ya Yahaya mwanzo mpaka mwisho, na hakuteleza hata mara moja. Alipofika pale walipomfanyia Yahaya yale, alisimama, akasema "hashakum", kisha ndipo akataja. Niliona fahari. Mungu anisamehe, kwa habari kama ile mimi niliona fahari.

Mtafute. Ni mfupi, ana kovu kidevuni, anashikilia kikapu hata pasipo na haja ya kikapu.

Na wewe hukusema kaseti unazosikiliza ni za nani.

Moza


Brussels
2 Machi 1998

Shangazi mpendwa,

Sijapata neno lenu tangu ile barua ya Novemba, nami sikungoja, naandika. Natumaini ni posta tu. Mimi mzima. Nimeweka picha ya Baba juu ya meza, ile aliyovaa kofia imepinda.

Nikupe kisa ucheke, ingawa mimi mwenyewe sikucheka sana. Zile kaseti ni za watu wanaoomba hifadhi. Sikutaka kukuandikia kwa kuwa wewe una maneno. Wanakuja hapa, wanasema tumetoka Burundi, vita, tumeona hivi na hivi. Ofisi inataka kujua kama ni kweli, basi sisi tunawasikiliza. Wengi ni wa kweli, nawajua kabla hawajamaliza salamu. Lakini wapo wengine! Wiki iliyopita nilipewa mwanamke mmoja anayesema ameishi Buterere. Buterere, Shangazi, kwenye mashamba ya mpunga na matope! Na anasema Kiswahili kimepigwa pasi, sentensi zimenyooka, hakuna mi wala we, kaseti upande mzima. Amefika kwenye kifo cha mumewe, akasema "hashakum". Nikasimamisha mashine. Nani Buterere anasema hashakum? Mtu wa Buterere akilia, analia kwa lugha yake.

Nilipandwa na kinyaa, sikufichi. Nilimwona mtu wa Tanga au Unguja aliyesikia kwenye redio kwamba Burundi watu wanakufa, akaona ni njia. Wanavaa vifo vyetu kama nguo za mitumba. Ripoti yangu ilikuwa fupi kuliko zote: mzungumzaji hatoki Bujumbura, anatoka pwani ya Tanzania. Profesa aliisoma mbele ya wenzangu kama mfano.

Kitu kimoja tu. Siku ile nzima nilikuwa na hamu ya chai yako ya tangawizi, mpaka koo likawa linaniwasha. Sijui kwa nini.

Mbusu Baba.

Dalia


Brussels
14 Aprili 1998

Shangazi,

Salamu kwako na kwa Baba. Barua yako ya Januari, ile ya Anouar, imefika leo.

Kama barua yangu ya Machi haijakufikia, nakuomba ikifika usiifungue. Itie motoni. Nilikuwa na homa nilipoiandika, nimeandika upuuzi.

Naendelea vizuri. Mtihani mkubwa ni Juni tarehe ishirini na tano.

Mwavita sijamwona. Vituo wanakowekwa viko mbali na mji.

Dalia


Jabe, Bujumbura
3 Mei 1998

Mwanangu Dalia,

Salamu za Mungu zikufikie. Barua yako ya Desemba ndiyo ya mwisho mkononi mwangu, sijui nyingine umezipeleka kwa punda. Baba yako kidole cha mguu kimekuwa cheusi, daktari anataka kukikata, naye anasema atakufa na vidole vyake vyote. Asiya ameongeza dirisha.

Mwavita amepiga simu dukani. Wamemkataa! Si kwamba hawakuamini habari ya Yahaya, hata hawakufika huko. Wamemwambia: mtaalamu aliyezaliwa Bujumbura amekusikiliza kwenye kaseti, amesema wewe ni Mtanzania. Mtoto wa watu akaniuliza, "Mama, nilikosea wapi? Nilisema vibaya?" Nikamwambia hukukosea. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la mchele.

Ala! Mtu wa Bujumbura! Mtu aliyekula ndagala za ziwani na ugali wa hapa, akakaa huko kwenye kiti, akamsikiliza mjane akieleza mumewe alivyokatwa, akasema huyu si wa kwetu! Wale wa kizuizini angalau walikuwa wamevuta bangi. Huyu kavuta nini? 

Sikiliza sasa. Amekata rufaa. Anasema mtu mwenye elimu hiyohiyo akiandika karatasi kwamba yule mtaalamu kakosea, wataifungua kesi upya. Lakini bila karatasi mpya rufaa inatupwa, na ikitupwa watampandisha ndege mwezi wa Juni, hajui siku. Wewe umesomea mambo hayo. Unaijua sebule yangu, unajua nilivyomfunza. Andika. Na yule mtaalamu nitafutie, lazima mnajuana, wasomi wa Bujumbura huko mko wangapi? Ukimpata mtemee mate ya uso, sema yametoka kwa Moza binti Sleiman wa Jabe.

Simu ya duka kupiga nje wameikata, lakini inapokea. Nakaa karibu nayo.

Shangazi yako


Brussels
28 Mei 1998

Shangazi mpendwa,

Waalaykum salaam. Pole kwa kidole cha Baba. Mwambie akubali kukatwa, dunia imejaa watu wenye vidole tisa.

Mtu huyo nimempata. Ni mwanafunzi tu, si mtu mbaya. Hakujua ni nani anayesema, kaseti hazina majina. Alidhani mtu wa Buterere atasema kama mtu wa Buterere, hata mbele ya Mzungu mwenye mashine. Amesahau kwamba kwetu mtu akiogopa, na akiheshimu, ndipo anapovaa lugha yake nzuri. Alipaswa kukumbuka kuliko mtu yeyote, hilo nalo analijua.

Yuko tayari kuandika. Ila anaogopa. Akikiri sasa, ofisi itamtoa, staji yake itafutwa, na bila staji mwaka umekwenda, na mwaka ukienda shahada zote mbili zimekwenda. Miaka minne. Baba yake amewaambia watu wote wa mtaa. Ameniahidi kwamba ataandika mara tu mtihani ukiisha, tarehe ishirini na tano. Juni ina siku thelathini, Shangazi. Bado kuna nafasi.

Usimchukie sana.

Dalia


Jabe, Bujumbura
13 Juni 1998

Dalia,

Anouar amerudi jana na bahasha tatu zilizokuwa zimekaa Nairobi. Ya Machi, ya Aprili na ya Mei. Nimezisoma kwa mfuatano. Ile ya Machi sikuitia motoni. Nimeisoma mara ya pili kwa sauti, mlango umefungwa, nijue kama nina macho mabovu ama nina mtoto mbovu.

"Mtu huyo nimempata." Umempata! Umetembea mpaka kwenye kioo ukampata!

Nimekulea tangu mama yako alipofariki. Nimekufuta kamasi, nimekuchana nywele, nimekufunza Alhamdu. Sikukufunza kuinamisha kichwa. Yule wa Buterere alisema "sema", akasikiliza, akasema si wetu. Wewe ulisema nini tofauti na hilo? Niambie neno moja tu tofauti. Ulikuwa na kiti, na mashine, na profesa wa kukupigia makofi. Umeweka kizuizi chako huko Ulaya, Dalia, na mtu wa kwanza wa nyumbani aliyepita umemrudisha kwa wenye mapanga.

Na sasa unangoja mtihani! Mjane yuko kwenye kituo anahesabu ndege zinazopita juu, wewe unapiga msasa kalamu. Nakuonea kinyaa. Sijawahi kuandika neno hili kwa mtu wa damu yangu, na limetoka bila shida.

Barua hii nampa mtu wa shirika la misaada anayeruka kesho na ndege yao. Atakutilia posta hukohuko Ulaya, itakufika kabla ya hiyo tarehe yako. Usingoje. Andika siku utakayoisoma. Nenda mwenyewe, sema ulichokosea, sema kwa lugha yoyote. Simu ya duka inapokea. Miezi yote hii hujaipiga.

Moza


Brussels
12 Julai 1998

Shangazi,

Assalam alaykum. Sijui kama una haja ya salamu yangu.

Barua yako niliipata tarehe kumi na tisa Juni. Nilisoma. Nikaiweka ndani ya kamusi, nikajiambia siku chache tu, tayari nimesubiri nyingi. Nilikuwa naogopa chumba cha mtihani kuliko nilivyoogopa jambo lingine lolote duniani. Ndivyo nilivyo. Nakuandikia ujue.

Tarehe ishirini na tano niliingia kwenye mtihani. Tarehe ishirini na sita asubuhi nilikwenda kwenye ofisi ya rufaa nimebeba karatasi yangu, kurasa kumi. Nilieleza sebule, vikombe, hashakum, kila kitu. Nilisaini kwamba nilikosea. Bibi wa dirishani aliitazama nambari ya kesi, akageuza daftari lake. Rufaa ilikuwa imetupwa kwa kukosa karatasi mpya. Mwavita alipandishwa ndege jana yake, saa nne asubuhi. Saa nne mimi nilikuwa najibu swali la pili.

Si Bujumbura walikompeleka, Shangazi. Ni Dar es Salaam. Ripoti yangu ilisema Mtanzania, basi wakampeleka nilikosema mimi.

Nilikwenda kwa Profesa nikamwambia yote. Alinimiminia kahawa. Akasema makosa ni sehemu ya sayansi, na kwamba kisa hiki ni kizuri sana, ningeweza kukitia kwenye tasnifu yangu sura nzima. Kisa kizuri! Nilitapika kwenye ngazi zake, hashakum. Nilikwisha peleka karatasi nyingine ofisini kusema ripoti zangu zote zisiaminiwe. Wamenitoa. Staji imefutwa, chuo kimenifuta nayo. Mtihani nilifaulu, nilikuwa wa kwanza. Haihesabiki.

Najinukia. Naoga, bado najinukia. Nimepiga simu ya duka mara tatu, ikapokelewa, nikasikia pumzi yako, nikakata.

Niambie la kufanya.

Dalia


Jabe, Bujumbura
30 Septemba 1998

Dalia,

Salamu. Sisi tuko. Baba yako iko, kidole walikata, iko natembea na fimbo. Vita nayo iko.

Usishangae. Leo mi nakuandikia vile tunasemaka ku soko, ile lugha we ulikwenda kusomea kule. Mi najua kuisema muzuri kupita we. Nilikuwa naificha tu, juu ya heshima. Heshima yenyewe nimeona kenye imetufanyia.

Anouar alikwenda Kigoma kutafuta bidhaa, akaingia mu kambi ya wakimbizi, akamuona Mwavita. Iko muzima. Mwavita alimuelezea yote mara moja tu, halafu akanyamaza. Pale Dar walimushusha, maaskari wakamuweka mu chumba, wakamuambia: sema. Akasema. Alisema vile nilimufundisha, muzuri, pole pole. Wakacheka. Wakaitana, kuja musikie. Muzee mumoja akainamisha kichwa, akasikiliza, akasema: huyu si wetu, huyu Mrundi. Wakamutia mu lori ya kwenda kambi. Wale watu hawakusomea kitu, Dalia, na walisikia mara moja.

Sasa hasemi tena. Wakigawa chakula wanamuuliza dada unatoka wapi, ananyoosha mukono tu, anaonyesha ziwa. Kesho yake Anouar alimusalimia kwa Kiswahili, akamusalimia kwa Kirundi, apana. Alishika kikapu yake. Karibu yake wakanong'ona ati ni bubu.

Mi nimelia, sikufichi. Kwa sababu we ulimusikiliza vibaya, lakini mi ndo nilimufunikia kikombe. Ningemuacha aseme vile alizaliwa nasema, ungemujua mbele ya salamu kuisha, we mwenyewe uliandika. Mi na we tulimufunga mudomo pamoja. We ulifunga mbele, mi nikafunga nyuma. Ninajichukia vile ninakuchukia, na sijui nani wa kwanza.

Sebule nimefunga. Mikeka nimepa musikiti, vikombe nimegawia watu. Asiya alikuja kuchukua viwili, nikamupa, juu mi nani sasa wa kumutemea mate?

Unaniambia walikufukuza, diplome zako mbili zimepotea. Unataka nikulilie? Sina machozi ya karatasi. Unauliza ufanye nini. Mi naenda Kigoma na Anouar mwezi kesho, kukaa na ule mutoto mpaka aseme. Akisema kitu, ata tusi, nitakuandikia. Kabla ya pale usiandike, usipige simu, apana.

Ila kazi moja nakuachia, juu una sikio kubwa. Soma hii barua kwa sauti. Inamisha kichwa, sikiliza muzuri. Halafu chukua karatasi yako, andika: huyu mama, anatoka wapi?

Moza